Kigari cha Mikate Kilichozuiwa Langoni

Jua halijachomoza Samarkand, na Hosiyat Ergasheva ameshaingia kwenye treni. Anapanga mikate yake juu ya kiti cha dirishani, uso juu, mmoja juu ya mwenzake, taratibu kama mtu anayelaza watoto. Bado ina moto wa tanuri. Mvuke umelowanisha kitambaa kinachoifunika, na abiria wa kiti cha nyuma ameshanyoosha shingo kuuliza bei.

"Hii ni ya watu wa Tashkent," anamjibu. "Wewe umeamka na tanuri mlangoni kwako, kaka, unataka nini kwangu?"

Behewa linacheka. Yeye mwenyewe hacheki.

Kila Alhamisi mama huyu wa miaka hamsini na minane huenda mji mkuu kuuza mikate, akarudi jioni. Alianza safari hizi binti yake mkubwa alipoolewa, na sasa binti huyo ana mtoto anayesoma. Lakini leo haendi kuuza tu. Anatafuta mkate mmoja, mkavu kama ubao, ulioumwa pembeni na mwanawe Tolkin asubuhi aliyoondoka kwenda Urusi kufanya kazi ya ujenzi.

Alhamisi iliyopita mkate huo ulimwagwa chini, mbele ya lango la bustani ya umma, na mlinzi anayelipwa kukaribisha watu. Haujaonekana tangu hapo.

"Wameniambia watanilipa," anasema, macho yakiwa dirishani. "Sitaki malipo. Nataka mkate wa mwanangu."

Mtaani kwao hakuna nyumba isiyo na msumari wa namna hiyo ukutani. Anayesafiri huuma mkate mara moja tu, mkate ukafungwa kwenye kitambaa na kuangikwa. Siku akirudi, anaumaliza mwenyewe. Mkate wa Tolkin umekaa ukutani majira ya baridi mawili. Kila Ijumaa anapopiga simu, kabla hajauliza habari ya mtu yeyote, humuuliza mama yake kama mkate wake upo au umeota miguu. Ndiyo mzaha wao.

Ijumaa iliyopita aliuliza tena. Hosiyat alimwambia simu inakatikakatika, akaizima.

Kesho ni Ijumaa.

Namna mkate ulivyotoka ukutani haina siri. Nauruzi, sikukuu ya mwaka mpya, ilikaribia, na nyumba ilikuwa ikipakwa chokaa. Hosiyat aliutungua ili usichafuke, akauweka juu ya sanduku ukiwa ndani ya kitambaa chake cha bluu. Alfajiri yake, mkwe wake Zumrad, mke wa Tolkin, alikuwa akipakia mikate kwa haraka huku mtoto akilia. Akaona kitambaa, akashika mkate, akautia pamoja na mingine. Mikononi mwa watu hawa mkate ni mkate, haubaki nyuma juu ya sanduku.

Zumrad hajala vizuri tangu siku hiyo. Anaamini mkate ukipotea, mwenyewe harudi.

"Nimemwambia kurudi kwa mtu kuko kwa Mungu, hakuko kwenye unga," anasema Hosiyat. "Ananiitikia, 'Ndiyo mama, ndiyo mama,' halafu anakwenda kusimama mbele ya ule msumari."

Tashkent anaijua kwa miguu yake. Akishuka stesheni huenda kwa fundi viatu mmoja karibu na soko la Chorsu, anayemtunzia kigari cha mtoto. Kigari hicho kililea watoto watatu wa fundi, na sasa kinalea mikate, kama vigari vingi vya akina mama wanaouza mikate mjini humo. Hosiyat hutandika kitambaa, akapanga mikate, akakisukuma hadi kona yake. Mteja hugonga mkate kwa kidole chini, akasikiliza, akalalamika kwamba Tashkent hawajui kuoka, akanunua miwili.

Mkate mmoja huuza kwa soum elfu kumi na tano. Akishamlipa mwokaji na nauli, kinachobaki kinatosha mafuta, sukari na dawa ya presha ya mumewe, ambaye mgongo ulimtoa kazini. Pesa za Tolkin zinalipia nyumba.

Kwa kipato hicho mtu angedhani anauza na kukimbilia treni. Sivyo. Tangu mwanzo alijiwekea desturi kwamba kila safari lazima aone kitu kimoja cha mji. Ameshuka katika stesheni za treni ya chini ya ardhi ambazo hana shughuli nazo, ili tu atazame dari. Kuna iliyopambwa kwa maua ya pamba, na kuna ile ya bluu yenye sura za watu waliokwenda angani, ambayo humfanya ashike kichwa kila akipita. Amekwenda kuutazama msahafu wa kale wa ngozi, akasimama mbele ya kioo akilia mpaka mhudumu akamletea kiti. Mnara mrefu wa televisheni alipanda mara moja.

"Unalipa upandishwe juu uone nyumba zilezile zikiwa ndogo," anasema. "Lakini upepo wa kule ni mzuri."

Anaupenda mji huu na vituko vyake. Anapenda kwamba ukinyoosha mkono barabarani, gari lolote linageuka teksi, na dereva anajua habari zako zote kabla hamjafika. Anapenda kwamba akiingia kwenye treni, vijana wanainuka kabla hajatafuta pa kukaa. Anapenda mifuko ya mikate iliyokauka inayoning'inia kwenye misumari kando ya mapipa ya taka, kwa sababu hata mtu wa ghorofani, mwenye mbwa na gari mbili, mkono wake hauwezi kutupa mkate pipani. Mwenye kondoo atapita kuchukua.

Ndiyo maana jambo la Alhamisi iliyopita linauma.

Bustani hiyo ni mpya. Ilijengwa mahali palipokuwa na michinari, miti mikubwa ya kivuli, iliyokatwa, na sasa kuna chemchemi zinazoruka kwa kufuata muziki. Langoni kuna bango linalosema karibuni nyote. Hosiyat alikuwa ameisikia kwa wateja wake kwa muda mrefu. Siku hiyo aliuza mapema, ikabaki mikate michache kigarini, akaenda kuona maji yanayocheza.

Mlinzi akamzuia. Akamwambia kigari cha mtoto kisicho na mtoto hakiingii.

Alidhani anataniwa. Akamwambia basi watoto ndio hawa, tena hawalii. Mlinzi hakucheka. Akaamuru mikate itolewe iwekwe pale chini, kando ya lango, kigari kikaguliwe. Chini, anapopita kila mtu na viatu vyake. Wakati huohuo bibi mmoja akapita na mkoba wenye mbwa mdogo aliyevaa sweta. Mbwa akakaribishwa.

"Nikamwambia, mwanangu, mkate hauwekwi chini, hata wewe mama yako alikufundisha," anasimulia Hosiyat. "Akaniambia hapa si Samarkand."

Kisha akainamisha kigari.

Mikate ikamwagika kwenye sakafu ya lango, mingine uso chini. Watu waliokuwa kwenye foleni wakainama mmojammoja kuokota. Hosiyat alipiga magoti akaokota mkate mmojammoja, akaubusu, akaugusisha paji la uso, mwingine akaubusu. Alipokuwa hapo chini ndipo alipokiona kitambaa cha bluu kimenaswa kwenye gurudumu, akatambua kilikuwa na nini. Akatafuta miguuni mwa watu. Walinzi wawili wakamwinua kwa kwapa, wakamsogeza hadi barabarani, kwa sababu muziki wa chemchemi ulikuwa unaanza na wageni walitaka kupita.

Mtu ajiulize, walinzi hao walizaliwa wapi. Wameapishwa kiapo gani kinachomfanya mtu aliyelelewa na mkate wa tanuri aumwage kama kokoto. Hawakutoka nchi nyingine. Wana mama zao, na kwa mama zao kuna kitambaa cha mkate mezani. Mshahara na kofia vimewatosha kusahau.

Bwana Farmon, msimamizi wa walinzi hao, alizungumza akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, bila kumkaribisha mtu ndani. Alisema bustani ni ya wote, ila ina taratibu. Alisema wauzaji wakiachiwa watageuza mahali pale soko. Alipoambiwa mama huyo hakuja kuuza bali kutazama maji, alisema hilo asingeweza kulijua.

"Tumekubali kumlipa," alisema. "Kwa mkate mmoja, tena mkavu. Sasa anataka tufanye nini, tumpigie magoti?"

Hosiyat anaambiwa maneno hayo.

"Mimi nilipiga," anasema.

Leo ameuza haraka na bila mzaha, wateja wakamshangaa. Saa za mchana yuko nje ya bustani, anazunguka ukuta. Anatazama juu, kwa kuwa aonaye mkate njiani huuinua akauweka mahali pa juu, ili uliwe na ndege. Anapapasa juu ya ukuta, juu ya sanduku la umeme, kwenye panda za miti midogo iliyopandwa badala ya michinari. Anapata vipande viwili. Anavigeuza kutazama muhuri wa katikati, alama ya misumari ambayo kila mwokaji ana yake. Si wa kwao. Anavirudisha juu.

Kwenye uwazi wa nyuma, wafagiaji wa bustani wanakunywa chai ya kijani. Hosiyat anawasalimu, anawauliza. Wanatazamana. Mmoja wao, mwanamke mwembamba mwenye fulana ya rangi ya machungwa, anaweka bakuli lake.

"Mwenye mkate ulioumwa ni wewe?" anauliza.

Anaitwa Orzigul. Ametoka Karshi, na amefagia lango hilo tangu lilipofunguliwa. Hosiyat anamuuliza, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kupigwa, kama aliutupa.

"Nani kakwambia nilitupa?" anajibu Orzigul, amekasirika kweli. "Dada, mimi nina watoto. Nimeukuta chini ya benchi, nikaona alama za meno. Mkate mkavu vile, umeng'atwa mara moja tu, ningeufanya chakula cha kondoo? Nikajua huu una mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani."

"Uko wapi?"

"Uko kwangu. Nimeuangika."

Orzigul hana ruhusa ya kutoka kabla zamu haijaisha, lakini wenzake wanachukua fagio lake na kumwambia aende, wao watajibu. Anapoishi si mbali. Ni chumba kimoja cha kupanga nyuma ya gereji, kimefagiliwa kuliko bustani. Zulia limekunjwa pembeni. Ukutani, juu ya kitanda cha watoto, kuna misumari miwili, na kila mmoja una mkate.

Wa kwanza uko kwenye kitambaa cheupe. Ni wa mume wa Orzigul, naye yuko Urusi. Wa pili umefungwa kwenye leso ya mtoto, kwa kuwa kitambaa chake hakikuonekana. Orzigul anautungua kwa mikono miwili.

Hosiyat anaugeuza. Muhuri ni wenyewe. Meno ni yenyewe, yana mwanya mbele, alioupata Tolkin kwa kuanguka kwenye punda akiwa mdogo. Umepasuka kidogo ukingoni kwa kuanguka. Anaubusu, anauweka kwenye paji la uso, na unakaa hapo muda mrefu kuliko mikate ya langoni.

"Kila jioni nawaambia hawa wangu wawaombee baba wote wawili," anasema Orzigul. "Wakaniuliza huyu wa pili anaitwa nani. Nikawaambia Mungu anamjua."

"Tolkin," anasema Hosiyat.

Anataka kumpa pesa, Orzigul anarudi nyuma kama ameonyeshwa moto. Anampa mikate miwili iliyobaki kigarini, hiyo anaipokea. Kisha anafungua kitambaa cha bluu alichokibeba wiki nzima mfukoni, anaufunga mkate wa mwanawe. Leso ya mtoto anairudisha imekunjwa.

Jioni kwenye treni anaukalisha mapajani. Mwanamume aliyempisha dirishani anauona ukingo wake na kuuliza kama mama bado ana mkate wa kuuza.

"Huu hauuzwi, una mtu wake," anamjibu. Na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu. "Kesho akiuliza kama umeota miguu, nitamwambia umeota. Umeizunguka Tashkent, umelala kwa watu, umerudi. Mzururaji kama mamaye."

Bwana Farmon hajaomba radhi, na bango la karibuni nyote bado liko langoni. Hosiyat anasema Alhamisi ijayo atakuwa hapo na kigari chake, na Alhamisi itakayofuata, mpaka aingie. Orzigul ameahidi kusimama naye akiwa na fagio. Na Tolkin akija, Inshallah, mwisho wa vuli, atakula kwanza mkate wake nyumbani, mbele ya mkewe, asibakishe hata chembe.

"Kisha nitamleta kutazama maji," anasema. "Tutapitia lango lilelile na kigari kimejaa mikate, uso juu. Na mlango atatufungulia yuleyule aliyeimwaga. Kwa mkono uleule."