Mtoto Aliyepelekwa Kucheza kwa Siri

Mama anayeniuzia ndengu sokoni Kitui ndiye aliyenipa habari, mkono wake ukiwa bado kwenye gunia. “Yule mwalimu wenu wa nasari kule Matinyani ameenda,” akasema. “Wanazika Jumamosi.” Nilimpa pole kana kwamba msiba ni wake, nikaondoka, ndengu nikaziacha pale pale mezani. Wasomaji wangu mnajua kuwa mimi si mtu wa kukosa maneno. Siku hiyo niliyakosa, na si kwa sababu ya huzuni peke yake. Niliona haya. Marehemu hakuwa ndugu yetu wala rafiki wa nyumbani. Tulisalimiana naye njiani na kanisani, basi. Lakini kuna jambo nyumba yetu ilimfanyia, na kwa miaka mingi hatukuwahi kulitaja hata tukiwa peke yetu.

Alianza kufundisha miaka ya sabini, nasari yetu ikiwa mpya kabisa. Mama zetu ndio walioijenga. Kikundi chao cha mwethya, ambacho kwa kawaida kilichimba matuta kwa zamu, leo shamba la huyu kesho la yule, kiliacha matuta msimu mzima kikabeba mawe kichwani kutoka kilimani, wakiimba njia nzima. Mama yangu alikuwa mwenyekiti wao, na mpaka leo ana upara kidogo utosini ambao husema aliachiwa na lile darasa. Basi mwalimu akaja, akalitazama darasa, akalisifu sana, kisha akawatoa watoto nje. Kila asubuhi baada ya sala na nyimbo mbili tatu aliwateremsha mtoni. Kiangazi mto wetu huwa mchanga mtupu, na hapo aliwaacha wacheze mpaka jua lianze kuchoma. Walichimba visima vidogo wakitafuta maji, wakajenga maboma, matunda ya mtunguja yakawa ng'ombe na mawe yakawa mbuzi. Yeye alikaa pembeni akitazama, akiingilia tu pale mmoja alipotaka kumtia mwenzake mchanga machoni.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka minne na alikuwa hajawahi kutamka neno. Masikio yake yalikuwa mazima. Akitaka kitu alimvuta mama nguo na kuonyesha kwa kidole. Majirani walianza kunong'ona, na mama alikuwa haombi kitu kingine kanisani ila ulimi wa yule mtoto. Siku moja wakicheza soko pale mchangani, mwenzake aliokota jiwe lake akaenda nalo. “Mbui yakwa!” mdogo wangu akapiga kelele. Mbuzi wangu! Mwalimu alikuja nyumbani jioni ile kutueleza, akicheka huku anafuta machozi. Mama alipiga magoti akamshukuru Mungu. Hakuuliza mtoto alikuwa wapi aliposema, wala alikuwa akifanya nini.

Kisha wazazi wakaanza kulalamika. Sare zinachakaa magotini, watoto wanarudi nyumbani na mchanga nyweleni, na mtoto wa fulani huko mjini tayari anasoma kitabu. Mkutano ukaitwa mle mle darasani, nami nilikuwa mlangoni nimemshika mdogo wangu mkono. “Mwalimu, haya mawe tulibeba na kichwa,” mama akasema akigonga ukuta. “Wewe unatoa watoto nje, darasa inabaki ya mijusi. Kucheza wanaweza cheza nyumbani na mbuzi. Hapa tunaleta wao wasome.”

“Mama Mwenyekiti, huko kwa mchanga ndiko wanasoma,” mwalimu akajibu. “Mtoto anajifunza kungoja zamu, kugawa, kuongea na mwenzake. Hata huyu wako...”

“Wangu aliombewa,” mama akamkata, na wenzake wakapiga makofi. Mwalimu alilipwa kwa michango ya wazazi hao hao, angefanyaje? Kuanzia Jumatatu watoto waliketi kwenye mabenchi wakiimba a, e, i, o, u mpaka saa sita.

Siwacheki mama zetu. Mtu aliyekulia nchi kame kama yetu anaitambua kazi kwa jasho, na kitu kinachomfurahisha mtoto hivyo hakiwezi kufanana na shule. Linaloniuma ni kwamba wale watoto walikuwa wanachimba pamoja, wakiimba, kila mmoja na zamu yake. Ilikuwa mwethya ile ile ya mama zao, na hakuna mama aliyeitambua.

Majuma machache baadaye mdogo wangu alinyamaza tena, akarudia kuvuta nguo na kuonyesha kwa kidole. Mama alimtazama siku kadhaa. Alasiri moja akaniita jikoni, akaongea kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu. “Mpeleke kwa mwalimu akacheze na watoto wake. Pitieni chini, mtoni, sio barabarani. Mtu akikuuliza, mnaenda kuchota maji.” Nilibeba mtungi ili uongo ukamilike. Mwalimu alitukuta kwenye mchanga nyuma ya boma lake, akauangalia mtungi, akaelewa. “Mama amesema mlete na wengine?” akaniuliza. Nikasema hapana. “Haya, karibuni,” akasema, na swali hilo hakulirudia tena. Tulipita njia ile mpaka mvua ziliponyesha na mto ukajaa, na mdogo wangu akawa anasema kutwa nzima. Katika mikutano mama aliendelea kusimama na kusisitiza kwamba watoto wakae darasani.

Mdogo wangu leo ni dalali wa mbuzi huko Mutomo, anakula kwa mdomo wake. Kwenye mazishi alisimama bila kuitwa. Hakujua kwamba jambo hili ni siri. Alikuwa mdogo mno kufundishwa kuficha. “Mimi huyu, marehemu ndiye aliyenifundisha kuongea,” akasema. “Kila jioni dada yangu alinipeleka kwake tucheze mchangani, hata baada ya wazazi kukataza.” Watu wakacheka, kisha kicheko kikafifia huku wazee wakimgeukia mama yangu mmoja mmoja. Nilitamani ardhi ipasuke. Baada ya kufukia kaburi, jirani yetu mmoja alikuja akaketi kando ya mama. Walibeba mawe pamoja, mashamba yao yanapakana. Mwanawe alikuwa darasa moja na mdogo wangu, mtoto mwoga aliyelia kila asubuhi kwenye benchi lile mpaka akaiacha shule kabisa. Hakupaza sauti. “Mwaitu,” akamwambia, kwa heshima kama binti anavyomwita mama yake, “si ungeniita tu? Wangu pia angebeba mtungi.” Mama aliinamisha kichwa, akawa anafuta vumbi kwenye viatu vyake ambavyo havikuwa na vumbi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwatazama wakubwa wanaohimiza watoto wetu wafungiwe masomo ya ziada hata Jumamosi, huku wa kwao wakisoma kule kwenye bembea na nyasi. Nilizoea kuwasema vikali katika safu hii. Sasa kalamu inakuwa nzito, maana sisi pia tulijua mtoto anakulia wapi, tukamficha mmoja akakue huko, tukapiga makofi wengine wakifungiwa. Kama nimejifunza kitu, ni kwamba dawa uliyoiona ikimsaidia mwanao ina haki ya kutangazwa katika mkutano ule ule ulioikataa, hata kama wewe ndiwe uliyeikataa.

Jioni nilirudi nyumbani na mama. Tulipofika njia panda, pale njia moja inaposhuka mtoni, alisimama. “Wewe huandika gazetini,” akasema. “Hii andika, watu wajue yule mwalimu alikuwa nani. Lakini jina langu usiweke.” Na mimi, kwa umri huu wote, nimetii tena.