Wangila Apeleka Besi Kimaka

Wangila wa Malukhu, pale Mbale, alikuwa askari magereza mpaka mvi zikamkuta langoni. Alipostaafu alinunua gari dogo jeupe, na kwa kuwa maisha yake yote alikaa mahali ambapo kelele ni kosa, akaona sasa naye apate kelele yake mwenyewe. Akalipeleka gari Namakwekwe kwa Magid, fundi wa redio za magari, amtilie amplifaya na spika mbili kubwa za besi ndani ya buti.

Magid ni mtu wa polepole. Alikwangua rangi ya bodi mpaka chuma kikang'aa, ndipo akafunga hapo waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Ule waya mnene wa umeme aliutoa kwenye betri, na kabla haujafika mbali akauwekea fyuzi. Kisha akaupitisha kwenye tundu lenye mpira, bati lisije likaukata, akaulaza chini ya kapeti hadi nyuma. Alipomaliza akamwambia Wangila maneno ambayo aliona askari atayaelewa.

"Fyuzi ni mlinzi, mzee. Ukikuta amekufa, usilete mwingine kabla hujajua nani kamuua."

Wangila aliyaelewa sana. Aliwaeleza hata majirani, kwa sauti ya mwalimu. Kuyafuata ndiko kulikomshinda, maana kichwa chake wakati ule kilikuwa Jinja.

Kule Jinja, mtaa wa Kimaka, alikuwako mama mjane aitwaye Oliver, anayewapikia askari chakula cha mchana. Wangila, naye mjane, alikula pale mara moja akarudi mara nyingi. Oliver alikwisha kubali. Aliyebaki ni kaka yake, Erisa, sajini mstaafu, ambaye alisema mtu wa magereza anajua kufunga, kutunza hajui. Hata hivyo akampa siku ya kuja na watu wake, ukoo umtazame. Wakimkataa siku hiyo, basi, habari imekwisha.

Watu wake tulikuwa wawili. Wa kwanza ni shangazi yake, Nabifo, msemaji wa ukoo, mwanamke mkubwa wa mwili na wa maneno. Wa pili ni mimi, jirani yake, kwa sababu nilikuwa napita na nina koti. Nabifo alileta zawadi ya heshima ya Wamasaba, watu wa kwetu Mbale: mzigo mzima wa malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi. Niliwekewa magotini, huko kiti cha nyuma. Nabifo akaketi mbele, akakisukuma kiti nyuma kwa nguvu mpaka magoti yangu yakaomba msamaha.

Wangila aliwasha muziki. Alitaka Kimaka nzima ijue kwamba amefika mtu. Kabla hatujatoka mjini muziki ukafa. Akafungua boneti, akabadilisha fyuzi. Tulipoingia barabara ya Tirinyi ukafa tena, na fyuzi nyingine hana. Akasimama akikuna kidevu, kisha akaokota msumari kwenye kisanduku chake cha vifaa, akaupachika pale pale pa fyuzi. Besi ikarudi kwa furaha, madirisha yakatetemeka, mbuzi wa watu wakakimbia.

Baada ya hapo kila tukiingia shimo la barabara, harufu ya moshi ilitupitia puani. Wangila akauliza ni nini. Nabifo akamgeukia kama mtu aliyetukanwa.

"Malewa yasiyonuka ni kuni. Haya nimeyakausha mimi mwenyewe."

Akaendelea kutueleza aina za moshi, na moto wa mti gani unafaa. Mimi nilikuwa nimeyapakata hayo malewa, na nilihisi kwamba harufu inatoka mbele, siyo kwangu. Lakini mtu mwenye akili hamsahihishi Mmasaba juu ya malewa yake. Tukapita Namutumba tukisifu mapishi. Harufu ikazidi, na sifa nazo zikazidi. Karibu na Iganga Nabifo akanyamaza katikati ya neno.

"Wangila, mwanangu, hiki kiti kinanipika."

Moshi ulitokea chini yake, mweusi. Gari lilikuwa halijasimama vizuri Nabifo alipokuwa tayari chini, na siku zote yeye hulalamika magoti. Wangila alitaka kuung'oa ule msumari kwa vidole, ukamuunguza. Nami nilipokuja na chupa ya maji alinizuia, akachukua spana akafungua betri. Kimya kikaja. Akautoa ule waya wa muziki kabisa, akaufunga ncha kwa kitambaa, akarudisha betri ili gari litembee.

Njiani Nabifo alitupanga. Wakiuliza harufu, tuseme malewa. Alisema Wasoga wa Jinja watajua wapi?

Tuliingia Kimaka polepole kama wezi. Ukoo umekaa kwenye viti, Erisa katikati, shati limepigwa pasi. Alinusa mara moja. Nabifo akaanza papo hapo kueleza malewa, akina mama wakaitikia kwa adabu, mmoja hata akasema yananukia vizuri. Erisa alingoja amalize, akamtazama Wangila.

"Bwana askari, mimi nilikuwa wa redio za jeshini. Mianzi gani hii inanuka plastiki?"

Nabifo alikohoa. Alikuwa amempa mpwa wake mlango wazi, alichotakiwa ni kupita tu. Wangila akavua kofia.

"Si malewa, afande. Fyuzi ilikufa mara mbili, nikaweka msumari. Nusura nimchome shangazi yangu."

Shangazi alimtazama kama kwamba angeona afadhali kuchomwa. Erisa akaenda garini, akainua kapeti, akaonyesha mahali ambapo chuma cha kiti kilikuwa kikiuma waya kila kiti kikirudishwa nyuma. Aliporudi kitini wazee wakaanza kunong'onezana, na mmoja wao akatikisa kichwa.

Oliver akatoka jikoni bila kuitwa, mikono ina unga.

"Kaka, marehemu mume wangu aliuza ng'ombe wangu, na mpaka anakufa alikuwa akiniambia ng'ombe aliibiwa. Huyu kasema msumari wake hata kabla ya kula. Mimi namtaka huyu."

Wanawake wakacheka, hata yule mzee wa kutikisa kichwa akakosa la kutikisia. Erisa akasema hataki kusikia besi mpaka waya mpya ulale mbali na viti, na fyuzi ya kweli ikae karibu na betri, yeye mwenyewe akisimamia. Halafu akaagiza wageni waletewe maji ya kunawa.

Nabifo alinawa wa kwanza, akatangaza kwamba shemeji hawa wana akili, na kwamba yeye kurudi Mbale atapanda basi.