Nyota Mbili kwa Punda wa Mtani

Mtani wangu alinijibu kwa maneno manne: "Asante kwa maoni yako." Kwa wiki mbili maneno hayo yaliniweka macho. Angenitukana ningelala vizuri. Angesema Wanyaturu hatujui kusoma, au kwamba simu yangu nimeiokota, ningecheka, ningegeuka upande wa pili. Lakini mtani anayekushukuru kwa adabu, kama karani wa ofisi, ameumia. Au hajaumia, ana shughuli nyingi tu, na mimi ndiye ninayekuza mambo kama kawaida yangu. Sikujua, na sikuwa na njia ya kumuuliza.

Nieleze tulikotoka. Mimi ni Mnyaturu, wazazi wangu ni wa Mungaa, ila nimekulia Utemini, Singida mjini. Yeye ni Mnyiramba wa Kinyangiri. Alikuja kukaa kwa shangazi yake, nyumba ya jirani, tulipoanza kidato cha kwanza. Siku ya kwanza alipoingia kwetu alimwamkia mama, "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akasema, akamtazama kuanzia miguuni. "Mnyiramba, si ndiyo? Leo kula kidogo. Wenye nyumba hatujala."

"Nisipokula mimi mtampikia nani, mama? Wanyaturu mnajua kupika, kula ndiyo mnafundishwa na sisi."

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Tangu siku hiyo alikuwa mtoto wa nyumba. Ndivyo ulivyo utani kati ya Wanyaturu na Wanyiramba: unamwambia mtu neno ambalo ndugu yako asingekusamehe, naye haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mkosaji.

Miaka ile ninaikumbuka kwa sauti zaidi kuliko kwa picha. Kuku wa mama, redio ya shangazi yake, na yeye akinipigia kelele dirishani kwamba nimechelewa shule kwa sababu ya kujipaka mafuta magoti. Likizo alirudi Kinyangiri kusaidia mifugo na kubeba maji, na kila akirudi alikuwa na kisa kipya cha punda wao. Punda aliyekula shuka la mgeni. Punda aliyegoma njiani siku ya Kipaimara, watu wote wakaenda kanisani bila kunawa. Alivisimulia kwa mikono na masikio, na nilikuwa namwomba avirudie.

Chuoni sote wawili tulisoma kompyuta, darasa moja. Mwaka wa mwisho alianza kutengeneza gemu la simu kutokana na visa vile. Unamwongoza punda mwenye madumu manne kutoka kisimani hadi nyumbani, kati ya mbuzi, mashamba ya alizeti na yale mawe makubwa ya kwetu. Akigoma, unamkuna sikio kwa kidole mpaka akubali. Akipita karibu na kamba ya nguo anakula khanga ya bibi, na bibi anamfukuza na fagio. Mlio wa punda aliurekodi yeye mwenyewe, nyuma ya jiko letu, kwa simu yangu. Mama alitoka na sufuria mkononi.

"Huyo Mnyiramba anaumwa?"

"Anafanya kazi, mama."

"Kazi gani ya kulia hivyo? Mpe maji."

Mlio uliomo ndani ya gemu hadi leo ni ule, na ukisikiliza vizuri kuku wetu wanasikika wakikimbia.

Lilikuwa na kasoro, sikatai. Punda alipita katikati ya mawe kana kwamba ni moshi. Ukigongana na mbuzi, mbuzi anaruka angani na harudi. Maji ya madumu yaliweza kumwagika kwenda juu. Simu ilipata moto. Tulicheza kwa zamu kwenye simu yangu iliyopasuka kioo, tukiwa tumekaa kwenye ndoo zilizofunikwa, na kila kasoro mpya tuliishangilia kama bao. Sidhani nimewahi kuwa na jioni nzuri kuliko zile. Nilidhani nilikuwa namsaidia kulijaribu. Kwa kweli nilikuwa nacheza tu.

Tulipomaliza chuo yeye alirudi Kinyangiri, mimi nikarudi Utemini kusubiri majibu ya barua za kazi. Akaliweka gemu kwenye duka la programu za simu, watu wote walione. Maoni ya kwanza yalikuwa machache na ya upole. Mama mmoja aliandika kwamba mtoto wake anacheka mpaka kwikwi. Mwingine alisema limemrudisha kijijini, ila simu imepata moto wa kunyooshea shati. Mtani wangu akaniomba na mimi niandike.

Nikaandika hivi: "Mimi ni mtu wa Singida, nimekua na punda. Huyu si punda, ni mtengenezaji mwenyewe amevaa ngozi. Anapita kwenye mawe kama mzimu, maji yanapanda juu, na akilia ndipo unajua aliyemtengeneza shule alikwenda kusindikiza wenzake. Nyota mbili: moja ya madumu, moja ya kumhurumia mama yake."

Nilicheka peke yangu wakati natuma. Nilimwona kabisa akisoma na kutafuta jibu la kunimaliza.

Siku chache baadaye kijana mmoja wa Dar es Salaam, anayejaribu magemu mbele ya kamera na mwenye wafuasi wengi, alilicheza gemu letu. Nasema letu. Alicheka mbuzi akiruka, akacheka kwa furaha tu, kisha akayasoma maneno yangu kwa sauti. "Hata watu wa kwao wamelikataa," akasema. Wafuasi wake wakaja. Wakaandika nyota moja moja, wengine bila hata kulipakua. Aliyeandika kwamba mtengenezaji hajasoma alikuwa ameninukuu mimi. Walikuwa wengi kama yeye. Hapo ndipo likaja lile "Asante kwa maoni yako."

Nilianza kuandika ujumbe wa kuomba radhi nikaufuta, mara nyingi. Kumwomba radhi mtani ni kumwambia hawezi kuvumilia utani, na hilo ni tusi la pili, kubwa kuliko la kwanza. Kunyamaza nako ni kumwacha na wale watu. Kumtania tena sikuthubutu. Nikaanza kufikiri labda miaka yote hiyo alikuwa anaumia kimyakimya, tangu siku ile mama alipomwambia ale kidogo. Nilipofika hapo nilijua akili yangu imepotea njia, lakini kujua hakukunisaidia kurudi.

Kisha shangazi yake akanikuta kwenye uzio. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Mwenzako amesema mwisho wa mwezi huu analitoa lile gemu. Kompyuta ameifunga kwenye begi hata haifungui. Mmegombana?"

"Hapana, shangazi."

"Basi kagombaneni. Hivi sivyo."

Niliingia ndani nikamweleza mama yote, nikamsomea na maneno yangu. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

"Ya kumhurumia mama yake imenichekesha," akasema. "Mngekuwa hapa jikoni ningecheka zaidi."

"Kwa hiyo sijakosea?"

"Uliandika wapi kwamba wewe ni mtani wake?"

"Sikuandika. Yeye anajua."

"Yeye anajua. Hao wa Dar wanajua?" Alipuliza makapi. "Mtani hutaniwa mbele ya watu wanaokujua wewe na wanaomjua yeye. Wewe umemvua nguo sokoni, kisha unajifungia chumbani kuwaza kama anasikia baridi."

Nilikuwa nimewaza kila kitu isipokuwa hao waliosimama wakitazama. Nikaona kwamba ujumbe wa siri kwake, hata ungekuwa mzuri namna gani, ungefika mahali pasipohusika. Nilikosea mbele ya wageni, basi nitasema mbele ya wageni.

Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, mchana ule ule, nikafuta maoni yangu ya zamani. Nikaandika mapya bila mzaha. Niliandika kwamba yale ya mwanzo yalikuwa utani wa Mnyaturu kwa Mnyiramba, na kwamba mtengenezaji ni mtu ninayemheshimu. Nikaandika yanayofanya kazi: jinsi punda anavyotulia ukimkuna sikio, jinsi njia ilivyo ile ile ya kwao. Nikaandika kasoro nazo, ya mawe na ya maji. Nyota tano zingekuwa uongo, na alistahili ukweli kutoka kwangu. Nikaweka tatu.

Kabla ya kutuma nilimpigia. Alipokea, akanisalimu kwa adabu ile ile mbaya. Nikasema nina kitu nataka kumsomea, nikamsomea chote bila kupumzika.

"Umesahau kasoro moja," akasema.

"Ipi?"

"Ukienda kisimani mara ya tatu gemu linaganda."

"Hiyo sikuijua."

"Wewe hukuwahi kufika mara ya tatu. Mimi naijua. Andika."

Nikaiandika chini ya kasoro ya maji, nikatuma.