Behewa Lenye Madirisha Kumi

Shida zangu zilianza mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, na zilianza kwa sifa. Leo nimezikumbuka kwa sababu mjukuu wangu amemwaga matofali yake ya plastiki sakafuni, yakalia kama mtama unaomiminwa kwenye sinia, na sasa anajenga behewa la abiria. Analijenga vibaya, madirisha manne tu. Mimi nililijenga vizuri, na kulijenga vizuri ndiko kulikoniponza.

Kule Nkololo, tukiwa malishoni, watoto wote walifinyanga ng'ombe. Mimi nilifinyanga treni. Nilikuwa nimeipanda safari moja tu, mama aliponipeleka Tabora na kunirudisha, kabla hajafa. Udongo niliutoa kwenye kichuguu, nikaukanda mpaka ukanukia kama mvua ya kwanza, nikaushindilia kwenye kisanduku cha kiberiti nilichokipaka majivu ili usigande. Tofali moja moja. Kila behewa lilikuwa na madirisha kumi, mabenchi ya mabua yanayotazamana, magurudumu ya vizibo vya soda, na ukuta nilioupaka udongo mwekundu mpaka ukawa damu ya mzee, kama behewa lenyewe. Abiria walikuwa mbegu za pamba, na manyoya yake. Mbili za dirishani tulikuwa mimi na mama.

Watoto wa baba mdogo walinicheka. "Hiyo yako inakamuliwa wapi?"

Siku moja baba mdogo mwenyewe akaja malishoni. Ndiye aliyetuchukua mama alipozikwa: mimi pamoja na ng'ombe kumi na mmoja alioniachia marehemu baba. Akachuchumaa mbele ya behewa.

"Mlango wa kupandia uko wapi, ng'wana wane?"

Aliniita mwanawe! Nikamwonyesha haraka. "Huu hapa, baba. Unapanda ngazi mbili."

"Na choo?"

"Mwisho kule."

"Mtu anayeshuka Tabora atajuaje kwamba amefika?"

"Watu wengi wanashuka na mizigo, na wauza asali wanagonga madirisha."

"Kumbe treni unaijua," akasema, akanishika kichwa. Jioni hiyo nilipewa maziwa sawasawa na wanawe. Nikajiona mtu.

Wiki ile ile tulidandia lori la pamba mpaka stesheni ya Malampaka. Aliniambia shangazi yangu atanipokea Tabora. Baba hakuwa na dada. Nilijua hilo, lakini mtoto akiambiwa na mkubwa kwamba kuna shangazi, basi shangazi yupo. Nikapanda ngazi mbili, nikakaa dirishani, nikampungia mkono nikicheka.

Shangazi nilimsubiri siku mbili. Ya tatu, mfyatua matofali mmoja akaniuliza kama najua kukanda udongo.

Niliporudi nikiwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Pale malishoni yule hakuwa akinisifu, alikuwa akinipima kama natupika. Na wazee walipomuuliza nilipo, aliwapeleka kuona mabehewa yangu. "Si mnaona wenyewe? Treni ilimwingia kichwani, ameifuata." Wakaridhika. Ng'ombe wakabaki kwake. Laiti ningejenga ovyo ovyo, wangemuuliza zaidi.

Uzeeni nyumba yake iliangushwa na mvua, ng'ombe wameshamwishia. Akaja kwangu Bariadi, kwenye uwanja wangu wa matofali, na fimbo yake. "Ng'wana wane," akaanza, "nisaidie tofali." Nilikanda udongo mbele yake, nikaushindilia kwenye kisanduku cha kiberiti, nikamwekea tofali moja kiganjani.

"Subiri likauke, baba."

Vijana wangu walicheka. Yeye alilifunga kwenye leso, akaondoka nalo. Ndugu wanasema nilikosea. Wao hawakukaa siku mbili stesheni.

Sasa mjukuu ananiita. "Babu, njoo uone! Mlango nimeuweka hapa!" Nimemwambia behewa lake halifanani na treni hata kidogo. Analia. Alie, yuko nyumbani.

Darasa la tatu sikumaliza. Nina nyumba mbili mjini, tanuri tatu za matofali, tipa moja, shamba la pamba Nkoma, mke mmoja na wajukuu saba. Ng'ombe sina hata mmoja.