Chepkurui, Mwimbaji wa Kantri wa Kapsoit

Chepkurui alianza kuimba nyimba za Wamarekani kabla hajajua Kiingereza. Baba yake, Mzee Johana, alikuwa na redio ndogo aliyoitundika kwenye msumari pale anapokamulia ng'ombe, na kila Jumapili jioni stesheni moja ya Nairobi ilipiga muziki wa kantri. Mzee hakuikosa. Maneno mengi yalimpita, lakini alikuwa amesikia kwamba waimbaji wale walitoka nchi ya malisho, wakivaa kofia pana na kuchunga wakiwa juu ya farasi, na hilo lilimtosha.

"Hawa ni watu wa ng'ombe kama sisi," alikuwa akisema, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. "Sikiza vile analia. Huyo amepoteza ndama."

Huenda mwimbaji alikuwa amepoteza mchumba, au mama, au shamba lote. Kwa Mzee Johana yote yalikuwa ndama. Chepkurui, akiwa amemshikia kamba, alifuatisha sauti ya redio. Maneno yalimtoka yamepondeka, lakini sauti ilikwenda mahali pake: ilipanda pale ilipotakiwa kupanda, na ilipotakiwa kuvunjika ikavunjika. Ng'ombe wakamzoea, hata wengine wakawa hawashushi maziwa vizuri mpaka msichana aimbe.

Alipofika sekondari na Kiingereza kikamkaa, aligundua kwamba wimbo mmoja aliokuwa akiuimba kwa furaha miaka yote, huku akirukaruka, ulikuwa wa mtu anayemzika mtoto wake. Aliona haya kama mtu aliyecheka matangani. Aliuacha kwa muda mrefu. Alipourudia aliuimba polepole, na hapo ndipo watu walipoanza kunyamaza kila alipofungua mdomo.

Aliolewa na Kimeli, kijana wa ng'ambo ya mto aliyekuwa na pikapu ya kubebea maziwa. Kimeli hakuweza kuimba hata wimbo wa taifa bila kupotea njiani, lakini alipenda kumsikia mkewe. Walipata binti, Nelvine. Chepkurui alichuma majani chai yao asubuhi, akakamua, akalima, kama wanawake wengine wote wa Kapsoit. Kuimba kulikuwa kwa harusi na harambee.

Katika harusi moja kule Kedowa ndipo alipokutana na Ogola. Ogola alikuwa mtu wa Ahero, fundi wa mitambo katika kiwanda cha shamba kubwa la chai karibu na Kericho, na wikendi alipiga gitaa. Siku hiyo bendi ilikosa mwimbaji, Chepkurui akasukumwa mbele na wanawake wa kwaya. Baada ya wimbo wa kwanza alimgeukia mpiga gitaa.

"Gitaa yako inakimbia," alimwambia. "Huyu mtu wa wimbo amechoka. Hakimbii."

Ogola alicheka. "Dada, mimi nimezaliwa ndani ya benga, muziki wa kwetu Ahero. Vidole vyangu havijui kutembea."

"Vifundishe."

Alivifundisha. Ilichukua muda, na benga haikutoka yote. Chini ya kila wimbo wa kantri alioupiga palibaki kitu chepesi kinachotaka kucheza, na juu yake sauti ya Chepkurui ilikwenda taratibu, nzito, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Watu waliosikia mchanganyiko huo hawakuusahau. Hoteli moja mjini Kericho ikawaita kila Jumamosi mchana. Chepkurui alinunua kofia pana na buti za ngozi kwenye mitumba, akafunga leso nyekundu shingoni. Wanafunzi wa chuo, madereva wa trela, mameneja wa mashamba, wote walikuja kula nyama na kumsikiliza.

Kanisani haikuwa rahisi. Wazee walimwita, wakamketisha kwenye benchi la mbele.

"Mama Nelvine," alisema mkubwa wao kwa upole, "sauti hii Mungu alikupatia. Sasa unaipeleka mahali watu wanakunywa pombe."

"Hata huko watu wana huzuni, mzee," Chepkurui alijibu. "Mimi nawaimbia hiyo huzuni."

Walimwondoa kwenye uongozi wa kwaya. Hakubishana. Jumapili iliyofuata aliketi kiti cha nyuma kabisa na kuimba kutoka huko, na kwaya nzima mbele ikajikuta inamfuata yeye.

Kisha Nairobi ikaita. Palikuwa na tamasha la kantri kwenye uwanja mkubwa, na mwenye studio moja aliyekuwa amemsikia Kericho alimtafutia nafasi. Alipanda jukwaani na Ogola alasiri, jua kali, mbele ya watu wengi kuliko aliowahi kuwaona mahali pamoja, nusu yao na kofia kama yake. Aliimba nyimba tatu. Walipomaliza, mwimbaji mmoja Mmarekani, mwanamke wa makamo aliyekuwa amealikwa kutoka Tennessee, alikuja nyuma ya jukwaa akamshika mikono. Alimwambia kwamba ameimba vizuri sana, kisha akamwuliza ni upi kati ya zile uliokuwa wake.

Chepkurui hakuelewa swali mara ya kwanza. Alipoelewa, alisema hakuna. Zote zilikuwa za watu.

"Haya," yule mama alisema kwa Kiingereza chake cha kuvuta. "Basi bado sijakusikia."

Hakusema kwa ubaya. Lakini njiani kurudi, Chepkurui alilirudia swali lile moyoni mpaka walipopita Nakuru. Mwenye studio alikuwa tayari kurekodi albamu, akampa mpaka baada ya msimu wa mvua aandae nyimba zake mwenyewe. Na yeye, mwanamke aliyeimba maisha ya wengine tangu utotoni, hakujua aanzie wapi. Alijaribu kwa Kiingereza, zikatoka kama zile za redio, mbovu zaidi. Alijaribu kwa Kipsigis, lugha ya kwao, zikatoka kama za kanisa. Kila alipofika hotelini aliimba zilezile za zamani.

Ni wakati huo ambapo Ogola aliona kitu. Chepkurui alikuwa akiishiwa pumzi kabla mstari haujaisha. Sauti iliyokuwa ikifika juu bila jasho sasa ilifika ikitetemeka. Ogola hakusema. Alichofanya ni kushusha wimbo kidogo, ili asilazimike kupanda sana. Baada ya muda akashusha tena.

Jumamosi moja Chepkurui alisimama katikati ya wimbo, akafunika maikrofoni kwa kiganja.

"Ogola, umeshusha."

"Nimeshusha kidogo tu."

"Tangu lini?"

Ogola alitazama nyuzi. "Tangu wakati wa kupalilia mahindi."

Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Chepkurui alirudisha maikrofoni kwenye stendi yake na kwenda nje. Ogola alipomfuata alimkuta kwenye maegesho amefungua ile leso nyekundu. Watu wote waliidhani ni mtindo, na mwanzoni ilikuwa mtindo kweli. Chini yake palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai la kuku.

"Kimeli anajua?" Ogola aliuliza.

"Nimemwambia ni mafuta."

"Mama Nelvine, hayo si mafuta."

Hospitalini Eldoret daktari alieleza bila haraka, na Kimeli akiwa ameketi kando ya mkewe ameshika kofia mikononi. Uvimbe ulikuwa mbaya na ulikuwa umezunguka mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Ungeweza kutolewa na Chepkurui angeweza kuishi miaka mingi. Lakini mshipa ule daktari hangeweza kuahidi kuuokoa.

"Nikingoja nirekodi kwanza?" Chepkurui aliuliza.

"Wiki chache, sawa. Lakini utarekodi na sauti gani? Hiyo uliyo nayo leo si ile ya mwaka jana."

Alijua ni kweli. Alimtazama Kimeli, na Kimeli, ambaye kwa kawaida alimwachia maamuzi yote ya muziki, alisema neno moja tu: "Tafadhali." Chepkurui akaingia upasuaji wiki hiyohiyo.

Alipozinduka na ruhusa ya kusema ikatolewa, kilichotoka kilikuwa mkwaruzo. Siku zilivyosonga mkwaruzo ukawa sauti, lakini sauti ya mtu mwingine, nene, kavu, isiyopanda wala kushuka. Daktari alisema itaimarika kidogo. Haikuimarika sana.

Siku aliyorudi Kapsoit, Mzee Johana, ambaye sasa aliishi nao, alikuwa ameketi kibarazani kwenye jua. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwa uzee, na watu aliwajua kwa kuwasikia. Chepkurui alipanda ngazi akamwinamia.

"Chamgei, Baba."

Mzee aligeuza uso. "Chamgei mising," aliitikia kwa adabu anayopewa mgeni. "Karibu. Wewe ni wa nani?"

Nelvine, aliyekuwa amebeba mkoba wa mama yake, alianza kulia. Chepkurui alipiga magoti, akauchukua mkono wa baba yake na kuuweka usoni mwake. Vidole vya mzee vilipita juu ya paji, pua, mashavu, vikashuka mpaka kwenye kovu shingoni na kusimama hapo. Mzee aliendelea kushika pale mpaka jua likahama kibarazani.

Mwaka uliofuata haukuwa na muziki. Hoteli ilipata kijana wa kinanda. Mwenye studio alipiga simu kumpa pole, kisha hakupiga tena. Kofia na buti Chepkurui aliwapa kwaya wauze kwenye mnada wa kanisa, na wazee waliomwondoa walizipokea wakiwa wameinamisha vichwa. Kanisani aliketi palepale nyuma, mdomo umefungwa. Hata zizini alikuwa kimya. Ng'ombe mmoja mzee alikataa kabisa kumshushia maziwa. Aligeuka akimtazama, kama anayemngoja mtu aliyechelewa. Kimeli akachukua kazi ya kumkamua huyo.

Ogola alikuja mara kwa mara, akaketi, akanywa chai, akaenda. Gitaa hakuleta. Kisha kule kwenye shamba kubwa alikofanya kazi mashine za kuchuma chai ziliongezeka. Wachumaji walikwenda kwanza, halafu kiwanda nacho kikapunguza watu, na Ogola, aliyezaa watoto wake wote katika nyumba za shamba lile, akaambiwa aihame nyumba. Alikuja Kapsoit kuaga, mkewe Syprose na mizigo wakiwa wametangulia Ahero. Safari hii gitaa lilikuwa mgongoni.

Chepkurui alimwona kutoka dirisha la jikoni na hakutoka. Alimsikia akimsalimia mzee, kiti kikivutwa.

"Umekuja na kitu chako?" Mzee Johana aliuliza.

"Nimekuja nacho, mzee. Naenda nyumbani."

"Basi piga. Lakini usikimbie."

Ogola alipiga. Hakupiga wimbo wowote wanaoujua. Aliacha vidole vitembee, pole, vikizunguka mahali pamoja. Chepkurui alisimama jikoni, mikono imejaa unga. Alikumbuka kwamba katika vile vipindi vya zamani vya redio palikuwa na nyimba ambazo mwimbaji haimbi kabisa. Anasema tu, kama anayeongea na jirani, na gitaa linamngoja. Alipokuwa msichana nyimba zile zilimchosha. Aliona ni za wavivu.

Alitoka mpaka mlangoni, akaanza kusema.

"Leo rafiki yangu amefunga mizigo," alisema kwa ile sauti kavu. "Nyumba aliyolelea watoto haikuwa yake. Amerudisha ufunguo kwa mtu asiyemjua jina. Majani yanaota vilevile. Mvua inanyesha vilevile. Mashine inapita, na haina mtu wa kumwimbia."

Ogola hakuinua kichwa. Alingoja, akajaza nafasi kwa nyuzi mbili tatu, akamwachia tena. Chepkurui akaendelea. Alisema juu ya Syprose anayefunga sufuria kwa shuka, juu ya barabara inayoteremka hadi joto la Awasi, juu ya rafiki wawili wanaozeeka kila mmoja na mlima wake. Maneno yalikuja kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kuijaribu, kwa sababu ndiyo waliyokuwa wakizungumza wao wawili siku zote. Alipokosa neno alinyamaza, na kimya chenyewe kikakaa vizuri.

Walipomaliza, Ogola alipangusa macho kwa mkono wa shati. Mzee Johana alikuwa ametega sikio.

"Chepkurui," alisema. "Huyo wa leo hakupoteza ndama."

"La, Baba."

"Nimesikia. Rudia, nishike mwanzo."

Ogola alikwenda Ahero jioni ileile. Hata hivyo hawakuacha. Yeye hupanda mpaka Kapsoit akipata nafasi, au Kimeli humteremsha Chepkurui kwa pikapu. Wana nyimba kadhaa sasa, zote za kusema. Wanaitwa zaidi matangani. Mzee Johana alipofariki, Chepkurui alisimama kaburini akasema wimbo wa mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, na mchungaji hakutaka kuhubiri baada yake, aliomba tu. Si kila mtu anapenda. Huko Siongiroi, kwenye mazishi ya mfanyabiashara wa mifugo, kijana mmoja aliuliza kwa sauti kwa nini huyu mama haimbi kama watu. Chepkurui alimsikia, akamaliza wimbo wake, akaketi.

Albamu haijatoka, na huenda isitoke. Wiki iliyopita, nami nikiwa nimepeleka majani yangu, nilimkuta kwenye kituo cha majani chai, gunia lake limeshapimwa, simu imebanwa begani. Alikuwa akigombana na Ogola juu ya neno moja katika wimbo mpya.

"'Majuto' ni kubwa sana," alikuwa akisema kwa sauti ile inayokwaruza. "Huyu mtu hajuti. Amechoka tu. Tafuta neno dogo."

Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Hapana, hilo nalo linakimbia. Endelea kutafuta, mimi nakwenda kukamua."

Alinisalimia, akakunja gunia tupu kwapani, akashika njia ya nyumbani.