Mbuzi wa Bibi Kwenye Sindano

Juzi pale Utemini nilimkuta binti dukani akifuma kofia ya mtoto. Kitanzi kimoja cha uzi kikamponyoka kwenye sindano. Mdomo wangu ukatangulia: "Mbuzi katoroka!" Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Kumbe mwenzio nilikuwa nimesharudi kimawazo kijijini Kilimatinde, enzi zile za vijiji vya ujamaa.

Kina mama wa kijijini kwetu walijifunza kufuma jioni, wakitoka shamba la pamoja. Walikaa kwenye mkeka, karanga za kukaanga katikati, na sindano zao zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Maneno ya kufuma ya mwalimu wao aliyetoka misheni yaliwashinda, basi wakatunga ya kwao, ya zizini. Kitanzi ni mbuzi. Kuanza mstari ni kufungua zizi. Ukifumua kazi yote uanze upya, "umehamishwa", maana wenyewe tulikuwa tumehamishwa makwetu majuzi tu, tukaletwa kijiji kipya. Walicheka hilo, lakini uchungu ulikuwemo. Na sheria ilikuwa moja: hugusi kazi ya mwenzako mpaka mwenyewe aite, "Mbuzi katoroka!" Hapo aliye karibu anamkamatia.

Bibi yangu hakuwahi kuita. Alikuwa akinifumia sweta la shule ya bweni, nami naondoka wiki ile, na baridi ya kipupwe kwetu, we acha tu! Macho yake yalikuwa yanazima. Sweta likajaa mianya, kila mtu anaiona, hakuna anayethubutu kusema. Nilikuwa nikijificha nyuma ya ghala la mtama, nalia kwa kumhurumia bibi yangu.

Jioni ya mwisho akashusha sindano mapajani.

"Wanangu, mbuzi wametoroka. Hata zizi lenyewe silioni."

Jirani yetu, mwenye ulimi mkali kuliko wote, ndiye aliyelipokea sweta. "Lete, mama. Mbona ulituchelewesha hivyo?" Sweta likazunguka mkeka mzima. Wakawakamata watoro mmoja mmoja, wakamalizia na mkono wa sweta uliobaki.

Bibi akalipapasa taratibu. "Hapa ni jirani, anakaza utadhani ana ugomvi na uzi. Hapa mwalimu, mkono laini." Akawataja wote, hakukosea hata mmoja. Kisha akanivalisha.

Wale mama wamelala Kilimatinde, na maneno yao wamekwenda nayo. Siku hizi wengi tumezidiwa na maisha, nami nimo, na kila mtu ananyamaza kwake. Hatuna tena neno la kuwaitia wenzetu.