Kompyuta ya Baba, Nyuma ya Routa

Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hastaafu, anabadilisha tu wanafunzi. Alipotoka shuleni, mwanafunzi aliyebaki ni mimi. Siku hiyo nilikuwa dukani kwangu Makutano, mjini Meru, ninapochapa kadi za harusi na kutoa fotokopi. Yeye alikuwa nyumbani Karurumo, huko Embu, simu sikioni, ananikaripia kwa Kiswahili sanifu.

Shida ilikuwa hii. Baba alikuwa amemaliza kuandika kitabu cha methali za Kiembu na maana zake kwa Kiswahili, kazi ya miaka mingi. Mchapishaji mmoja wa Nairobi alikubali kukisoma, mradi kimfikie kabla ofisi haijafungwa jioni hiyo. Kikichelewa, kingoje mwaka mwingine, na Baba si kijana. Asubuhi alinitumia barua pepe tatu ili nikipange vizuri. Zote zilikuja tupu, kitabu hakimo. Ya mwisho ilikuwa na neno moja: "Pokea." Nipokee nini, hewa?

Flash ya kubebea faili hataki hata kuiona, anasema inaleta magonjwa. Ikabaki ile njia niliyomtengenezea Krismasi, programu ya kuniingiza kwenye kompyuta yake nikiwa hapa Meru, sote wawili tukiona skrini moja. Nikajaribu, ikagoma. Nikajaribu tena, ikagoma kabisa.

"Baba, kuna kitu kimebadilika hapo?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Isipokuwa vijana wa intaneti waliniletea routa mpya."

Jamani! Eti isipokuwa!

Nikamweleza kwamba routa mpya hainijui, nikibisha hodi haijui inipeleke wapi, kwa hivyo lazima tufungue port.

"Port ni bandari," akanikata. "Karurumo hakuna bandari."

"Haya, sema mlango."

"Upi? Wa mbele au wa jikoni?"

Damu ikanipanda. Mimi nina hasira za karibu, na sikuziokota barabarani. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Baba, muda unaenda!"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Nikamsikia akicheka. Ukitaka kumtuliza Baba, mrushie methali.

Hapo ndipo nilipokumbuka sanduku la posta. Tulipokuwa wadogo, kijiji kizima kilitumia sanduku moja, la shule. Barua ya nani, ya nani, zote zilifika kwa mwalimu mkuu, yeye ndiye aliyezigawa. Nikamwambia, "Baba, hiyo routa ni mwalimu mkuu. Watu wa nje wanamjua yeye peke yake. Barua yangu ikifika, hajui ni ya nani, anaitupa. Tunataka kumwambia kwamba barua zenye alama hii ni za kompyuta."

"Kumbe ni mwalimu mkuu mgeni," akasema. "Hajawajua watu wa hapa. Ungesema hivyo tangu mwanzo, badala ya kuniletea mambo ya bandari."

Sasa, kumwagiza mwalimu mkuu ni lazima uingie ofisini kwake, na neno la siri huandikwa kwenye kibandiko chini ya routa. Nikamwambia aigeuze anisomee.

"Limefutika."

"Routa mpya, Baba?"

"Vitu vya siku hizi."

"Taa zake ni za rangi gani?"

"Za kawaida."

Nikamwomba apige picha ya kibandiko anitumie. Ikaja picha ya goti lake. Ya pili ilikuwa ya kitambaa cha kochi, kile Mama alichofuma kwa mkono, nayo ilitoka safi sana. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja fotokopi ya kitambulisho akachungulia, akaniuliza kama siku hizi nauza vitambaa. Nilimtazama jicho moja tu, akarudi kwenye benchi.

"Baba, mpe Mama simu."

"Mama yako ana kazi."

Lakini Mama alikuwa papo hapo, nilimsikia. Mama hapendi ile kompyuta, anaiita mke mwenza. "Lete hiyo kitu," akasema, akamnyang'anya routa, akanisomea neno la siri kwa pumzi moja, herufi kubwa kubwa, ndogo ndogo, mpaka mwisho.

Kumbe linasomeka! Nikalipuka. "Baba, ulisema limefutika! Mchana wote huu! Ofisi inataka kufungwa, na wewe ni ubishi tu!"

"Endelea," akasema. Baba yangu, bila ubishi! Sikuwahi kuona.

Tukaendelea polepole, mimi nikimwelekeza, yeye akiandika. Kwa kibodi hana shida, vidole vyake vimeshazoea njia. Ila kila ukurasa alisema, "Subiri kwanza nikuze." Mwishowe tukamwagiza yule mwalimu mkuu mgeni, nikabisha hodi, nikaingia.

Nilidhani nimekosea nyumba. Skrini nzima ilikuwa na maneno matatu tu, herufi nene, nyeusi, kama za bango la bucha. Nikashuka chini, maneno mengine matatu. Methali moja ilikuwa imekula kurasa mbili. Nikashuka, nikashuka.

"Umeingia?" akauliza.

"Nimeingia, Baba."

"Karibu."

Saa nayo haikuwa inanisubiri. Nikachagua maandishi yote, nikayapunguza yawe ya kitabu cha kawaida, nikayapanga haraka, nikatuma. Mchapishaji akajibu papo hapo kwamba amepata.

"Kimefika, Baba. Wamekipokea."

Nilisikia makofi. Nilimsikia akimwita Mama, akimshukuru Mungu kwa Kiembu, akimsifu mwalimu mkuu mgeni kwamba ameonyesha nidhamu. Mama akapiga vigelegele hata kwa ajili ya mke mwenza. Nami nikacheka pale dukani, mteja akacheka kwa kuwa nimecheka.

Kisha Baba akarudi kwenye kompyuta. Nikasikia kiti kikivutwa karibu na meza.

"Sasa, mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Mbona umenifutia kitabu?"

"Sijafuta, Baba. Maneno yote yako hapo, mbele yako."

"Wapi?"